Wapangaji wa Manzese

Mwaka 1972 Serikali ilikata shauri kuacha kubomoa. Aliyezaliwa baadaye ataisoma sentensi hiyo na kuipita. Sisi tuliokuwa tukikaa kwenye nyumba za miti na udongo kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, tulijua uzito wake, kwa sababu tulikuwa tumeona yaliyotangulia.

Katika miaka ya sitini Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilivunja nyumba za udongo sehemu za Magomeni, Ilala na Temeke, likajenga za matofali ya saruji mahali pale pale. Zilikuwa nyumba nzuri. Ila hesabu yake haikukubali. Ukivunja nyumba moja ili ujenge moja, fedha zimekwisha na uhaba wa nyumba uko pale pale. Mji nao haukungoja. Sensa ya 1967 ililikuta jiji na watu wasiofika laki tatu. Ya 1978 ikaukuta mkoa na watu 843,000. Hao wote walilala mahali, na wengi wao walilala kwenye mitaa ambayo haikuwemo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Manzese ilikuwa mmoja wa mitaa hiyo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, na zamu zake ndizo zilizopanga saa za mtaa mzima. Mama yangu alitoka Matombo, Uluguru, akiwa na watoto watatu, akapanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, nyuma ua wenye jiko la pamoja na choo cha shimo. Kodi ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Kulikuwa na vyumba rahisi zaidi mbali, kule Kibamba, lakini mama hakuvitaka. Alikuwa akikanda unga saa nane za usiku, na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walipokuwa wakikaribia geti, maandazi yake yalikuwa bado ya moto. Mtaji wake ulikuwa ule umbali mfupi kati ya kitanda na kiwanda. Nimesoma baadaye maandishi mengi ya wataalamu kuhusu makazi na umaskini, mengine mazuri sana, lakini jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma vizuri: maskini wa mjini akipanga chumba, analipia na kazi yake humo humo.

Mwaka 1974 Benki ya Dunia ilikubali kutoa mkopo kwa mradi uliokuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa kupima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kuvipelekea barabara na maji, kisha kuwagawia watu wa kipato cha chini wajenge wenyewe kidogo kidogo. Sehemu ya pili ilikuwa kuiacha Manzese ilipo na kuiboresha: kupitisha barabara, kuchimba mifereji, kuleta mabomba ya maji ya mtaa, shule na zahanati. Mwanza na Mbeya nazo zilikuwemo kwenye awamu hiyo; awamu ya pili, kuanzia 1977, ikafika Tandika na Mtoni na miji mingine ya mikoani. Fikra yenyewe ilikuwa ngeni. Mpaka wakati huo, nyumba ya udongo ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mji. Sasa kuna mtu amesema kwamba ile nyumba ni jitihada ya mwananchi, tayari imekwisha kugharimiwa naye, na kazi ya Serikali ni kumfikishia kile asichoweza kujinunulia peke yake, yaani barabara, maji na uhakika wa kubaki.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua cha kuandikisha nyumba. Tulikwenda wawili wawili, na mjumbe wa nyumba kumi mbele yetu, mmoja na kopo la rangi na brashi, mwingine na fomu. Nyumba ya mama mwenye nyumba mmoja wa Kizaramo, mjane aliyekuwa akiheshimiwa sana pale Midizini, humo humo Manzese, tuliikuta mlango umefungwa na yeye amekaa barazani.

“Mwanangu, mnakuja kuvunja?” aliniuliza kabla sijamwamkia.

“Shikamoo bibi. Hapana, tunaandika tu.”

“Marahaba. Wa Magomeni nao waliandikwa kwanza.”

Mjumbe akamwambia, “Bibi, huyu ni mtoto wa hapa hapa, mama yake ni yule wa maandazi. Angekuja kuvunja nyumba ya mama yake?” Ndipo akatupisha. Nikamwandika jina, nikaandika idadi ya vyumba, kuta za nini, paa la nini. Paa lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa. Mwenzangu akapaka namba juu ya mlango kwa rangi nyeupe.

Ile namba ilifanya kazi kubwa kuliko hata barabara, na hili nalisema kwa kuwa nililiona kwa macho yangu. Kabla yake, hakuna aliyekuwa tayari kuweka mfuko wa saruji kwenye ukuta ambao kesho unaweza kusukumwa na katapila. Mwenye hela kidogo alinunua ng’ombe akampeleka kwao, au alijenga kijijini. Baada ya namba, mtu akaanza kuamini ukuta wake. Hakuna aliyevunja nyumba na kujenga upya kwa mkupuo. Nani alikuwa na fedha hizo? Walifyatua matofali uwani, kumi leo, ishirini mwezi ujao, mchanga ukitoka bondeni na saruji ikitoka Wazo. Ukuta mmoja wa udongo uliondolewa, wa tofali ukapandishwa, wapangaji wakiwa ndani na kanga imetundikwa kuziba upepo. Mwaka uliofuata ukaja ukuta wa pili. Yule bibi wa Midizini alicheza upatu na wanawake wenzake, na zamu yake ilipofika akanunua mabati ya upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili ulibaki na madebe kwa muda mrefu. Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikuwa na mikopo kwa ajili ya watu kama yeye, lakini wengi Manzese hawakuikaribia. Kipato chao hakikuwa na karatasi, na waliogopa kuweka rehani kile walichokwisha kukipata. Fedha halisi ya ujenzi ilikuwa kodi ya vyumba. Kila mwezi shilingi za mama yangu na za wenzake watano zilikuwa zikigeuka kuwa tofali.

Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nikisikia watu wanazungumza juu ya wenye nyumba wa Manzese waliojikwamua, wanataja bidii yao na wanataja mradi. Vyote viwili ni kweli. Wa tatu, mpangaji, hatajwi.

Fomu niliyokuwa nikijaza ilikuwa na mstari wa jina la mwenye nyumba. Chini yake kulikuwa na kisanduku kidogo cha idadi ya wapangaji. Idadi tu. Nilipofika nyumba tuliyokuwa tukikaa sisi, niliandika jina la mwenye nyumba, kisha nikaandika namba, na ndani ya namba hiyo alikuwemo mama yangu na sisi wanawe watatu. Nilimuuliza msimamizi wetu kama niandike majina nyuma ya karatasi. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba wapangaji wanahamahama, haifai. Kufikia wakati huo mama alikuwa amekaa kwenye chumba kile miaka sita.

Mimi siupingi mradi ule, na sijawahi kuupinga. Anayetaka kuupinga na aniambie alikuwa wapi mvua za masika za mwaka kabla ya mifereji kuchimbwa. Ardhi ya kwetu ni ya bondeni, maji yako karibu na uso wa nchi, na mto Ng’ombe ukijaa, vyoo vya shimo vinajaa pamoja nao. Palikuwa na vijana tuliowaita vyura, kazi yao kuchimba shimo la pili ubavuni mwa choo na kuyahamishia humo yaliyomo kwenye la kwanza, usiku, kwa ndoo na mikono. Wenye nyumba wengine hawakuwaita hata hao. Walingoja mvua kubwa, wakatoboa ukuta wa choo na kukitapisha, mafuriko yakachukua yaliyomo mpaka uwani kwa jirani. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1977 kilikuta njia zimekwisha kutayarishwa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walizika mtoto na mama yake wiki moja. Mahali bomba la mtaa lilipokuwa limefika na maji yanatoka, watu waliugua wachache zaidi. Hilo kila mama wa mtaa alikuwa akilijua bila kuambiwa na daktari. Na ugonjwa kwa mtu wa kipato kile unakula zaidi ya mwili. Siku saba bila maandazi ni siku saba bila unga wa kesho, na deni la dukani linalochukua mwezi kulilipa.

Maji yenyewe, kabla ya bomba, tulinunua kwa ndoo kwa wachuuzi. Aliyekuwa na bomba ndani ya nyumba kule Upanga alilipa senti chache kwa maji ambayo mama aliyalipia mara kadhaa, kisha akayabeba. Bomba la mtaa lilipokuja, muda ule aliokuwa akipanga foleni kwa mchuuzi aliutumia kukaanga mihogo ya mchana. Kwa hiyo akawa na biashara mbili. Hakuna aliyempa mtaji, hakuna aliyemfundisha ujasiriamali. Alirudishiwa saa zake mbili za siku.

Miaka ile ilikuwa migumu. Ukame na bei ya mafuta vilitupiga pamoja. Mwaka 1974 tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka ng’ambo, na kima cha chini cha mshahara kikapandishwa hadi shilingi 340 lakini bei zikakimbia mbele yake. Mwishoni mwa 1976 ikaja Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kurudishwa vijijini. Mtaani kwetu tuliona mambo mawili kwa mwaka mmoja: katapila ikifungua barabara kwa ajili yetu, na lori likichukua vijana wa uwani kwetu. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia mama kuni alichukuliwa akiwa na sinia la maandazi mkononi. Alirudi baada ya miezi, akakuta chumba chake kina mtu mwingine. Mpangaji akiondoka hata kwa siku kumi, haki yake inaondoka naye. Mwenye nyumba akirudi baada ya mwaka, nyumba ingali yake.

Barabara zilipokamilika, kodi zikapanda. Lilikuwa jambo la kutazamiwa. Lori la mkaa sasa lilifika mlangoni, vibanda vya biashara vikaota kando ya njia, na watu wa kipato cha juu kidogo, makarani na madereva, wakaanza kutafuta vyumba Manzese. Kodi yetu ilitoka shilingi 30 ikafika 50, halafu 80. Mwenye nyumba wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba. Alikuja jioni, akaketi, akamwambia mama, “Dada yangu, unajua hali.” Mama akajibu, “Najua, kaka.” Tulihama mara mbili ndani ya mtaa ule ule, kila mara kuelekea bondeni zaidi, karibu na maji. Wengine walitoka kabisa, wakaenda kuanza upya kwenye nyumba za udongo mahali ambapo hapakuwa na bomba. Mradi uliondoa udongo kwenye kuta za Manzese, na baadhi ya waliokuwa ndani ya kuta hizo wakaufuata udongo ulikokwenda.

Sinza ilikuwa na hadithi yake. Jirani yetu mmoja, mfagiaji wa ofisi, alipata kiwanja. Ile barua ya kugawiwa, tuliyokuwa tukiiita ofa, aliifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuilalia chini ya mto. Lakini kujenga kulikuwa na masharti ya aina ya nyumba na muda, na saruji ilipoadimika baada ya vita vya Kagera, ikawa inatoka kwa kibali. Mfagiaji atapata wapi kibali? Alimwaga msingi, majani yakaota ndani yake. Mtu mwenye gari akaja na fedha taslimu. Aliuza, akaoza mabinti wawili na kununua cherehani. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ukimpa maskini ardhi peke yake na soko la saruji umemfungia, umempa kitu ambacho tajiri ataweza kukitumia kabla yake. Sinza ya leo, na maghorofa na baa zake, ni mtaa mzuri, na bado wapo wachache wa mwanzo walioshikilia mpaka mwisho. Hao ninawavulia kofia.

Miaka ya themanini ilipita juu ya kazi yetu yote. Ada za huduma zilizotakiwa kulipia matengenezo hazikukusanywa vya kutosha, wafadhili wakaelekea kwingine, mifereji ikajaa mchanga na takataka, wengine wakajenga juu yake. Mabomba yalikauka. Mradi mwingine ulikuja miaka ya tisini kule Hanna Nassif, Kinondoni, ambako wakazi wenyewe walichimba mifereji na kulipwa ujira, na nilipokwenda kuutazama nilifurahi kuona wanawake wakishika sururu na kutia sahihi kwenye daftari la malipo kwa majina yao. Baada ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zikaja leseni za makazi kuanzia 2004. Namba ile ya rangi nyeupe sasa ikawa karatasi, ya miaka miwili kwanza, baadaye mitano. Jina kwenye karatasi ni la mwenye nyumba.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu bonde la Msimbazi, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Palikuwa juu, pakavu, salama. Baada ya muda baadhi yao wakawa wamerudi Jangwani, bondeni mle mle, kwenye hatari ile ile, na gazetini watu wakawaita wakaidi. Mimi nilimfikiria mama na geti la kiwanda. Mchuuzi wa Kariakoo anayetumia nusu ya faida yake kwa nauli, na anayefika sokoni jua limepanda, hana makazi salama. Ana mahali pakavu pa kuonea njaa. Wale waliorudi walikuwa wamepiga hesabu, na mtu anayewashangaa hajawahi kuipiga.

Lakini nimeona pia jambo likifanywa sawasawa. Kaya 644 za Magomeni Kota, wapangaji wa nyumba za umma, ziliondolewa ili zile nyumba za zamani zivunjwe. Walisubiri karibu miaka kumi, wengine wakafa wakisubiri, na kusubiri huko hakuna kitakachokufidia. Hata hivyo orodha ilikuwepo. Kila kaya ilikuwa na jina. Mwaka 2022 walikabidhiwa maghorofa, pale pale Magomeni, kila kaya nyumba yake, karibu na soko lao na kituo cha mabasi. Niliitazama sherehe ile kwenye televisheni nikalia, na mjukuu wangu akaniuliza, “Bibi, kwani na sisi tumepata?”

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi anayetaka chumba Manzese anadaiwa kodi ya miezi sita kwa pamoja, wengine mwaka mzima, na juu yake malipo ya dalali. Muuza mihogo hana fedha ya miezi sita. Anakopa kwa riba ya mtaani, na riba ile ndiyo inayokula ada ya shule, siyo kodi yenyewe. Wanaopanga mipango ya kupunguza umaskini wakitaka mahali pa kuanzia, hapo ni pazuri: kodi ilipwe kwa mwezi kama kipato kinavyoingia, mkataba uandikwe, na mtu asitolewe kwa notisi ya wiki. Hakuna ghorofa la kujenga wala mkopo wa kuomba nje.

Yule bibi wa Midizini alifariki zamani. Nyumba yake ilikuwa imekuwa ya tofali pande zote, bati pande zote. Warithi waliiuza kwa mtu anayejenga nyumba ya wageni, na hiyo ni haki yao. Wapangaji walikuwa kaya sita, wakapewa mwezi mmoja. Nilikwenda kuwauliza wanakokwenda, nikayaandika majina yao yote kwenye daftari langu: mmoja Kivule, wawili Chanika, mmoja Mbezi ya mbali, mmoja akarudi Tabora. Wa sita, mama mkaanga samaki mwenye wateja kituo cha mabasi, alipata chumba bondeni, karibu na mto.